Mswada Upi Utangulie? Mkazi na Vipaumbele vya Bunge la Kaunti

Katika vikao vingi vya kukusanya maoni wadini, jambo moja hujirudia. Maafisa wameleta Mswada wa Fedha ili wananchi waseme kama ada za soko, maegesho na leseni zipande, zishuke au zibaki zilivyo. Mzee wa kwanza anasimama na kuzungumzia ndovu waliomaliza mahindi yake. Mama anayefuata anaomba kisima. Kijana anauliza kuhusu barabara. Mwandishi wa kikao anaandika yote, watu wanatia sahihi orodha ya waliohudhuria, soda zinanywewa, na kila mmoja anarudi nyumbani akiamini amewasilisha ombi. Miezi sita baadaye ndovu wangali wanakuja, kisima hakijachimbwa, na ada ya soko imepanda bila mtu yeyote kuipinga.

Waliosema hawakukosea kusema. Shida zao ni za kweli. Walichokosa ni meza ya kuliweka neno lao, na wakati wa kuliweka. Mswada wa Fedha hauchimbi kisima. Na hata pale ambapo jambo linahitaji sheria mpya ya kaunti, sheria hiyo haitungwi kwa sababu ilitajwa kwenye kikao cha jambo jingine. Inaingia kwenye foleni ya miswada, na foleni hiyo ina watu wanaoipanga.

Somo la toleo hili linahusu foleni hiyo: nani huipanga, na mkazi wa Taita Taveta afanye nini akiona kwamba mswada unaomgusa umewekwa nyuma, au haumo kabisa.

Kwanza, je, jambo hili ni la kaunti?

Bunge la kaunti hupata mamlaka yake ya kutunga sheria kutoka Kifungu cha 185 cha Katiba ya 2010. Mamlaka hayo yana mipaka. Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya Pili, linataja majukumu 14 ya kaunti: kilimo, huduma za afya za kaunti, masoko na leseni za biashara, barabara za kaunti, mipango ya ardhi na nyumba, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya malezi ya watoto, zimamoto na majanga, udhibiti wa kelele na uchafuzi wa hewa, na mengineyo. Bunge linaweza kutunga sheria yoyote inayohitajika ili majukumu hayo yatekelezwe.

Ndovu hawamo. Ulinzi wa wanyamapori umewekwa katika Sehemu ya Kwanza ya Jedwali hilo, yaani kwa Serikali ya Kitaifa, na fidia ya mazao au ya mtu aliyejeruhiwa inafuata Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Kwa kaunti ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake iko ndani ya mbuga za Tsavo, hili linauma. Lakini ni afadhali mzee ajue mapema kuliko kuhudhuria vikao vitano akitarajia Bunge la Wundanyi limtungie sheria lisiyoweza kuitunga. Njia yake ipo, ila ni nyingine: dai la fidia kwa utaratibu wa sheria hiyo ya 2013, na ombi kwa Seneti au Bunge la Taifa chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba. Bunge la kaunti lenyewe linaweza kupitisha hoja ya kuihimiza Serikali ya Kitaifa ichukue hatua. Hoja kama hiyo ina uzito wa kisiasa, lakini si sheria.

Ni vivyo hivyo kwa madini ya Kasigau na kwingineko. Sheria ya Madini ya 2016 ndiyo inayogawa mrabaha: asilimia 70 kwa Serikali ya Kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Bunge la kaunti haliwezi kubadilisha mgao huo. Linaweza, hata hivyo, kuhoji jinsi fungu la kaunti linavyopangwa na kutumiwa, maana fedha zikishaingia kaunti, matumizi yake hupitia hapo. Barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi ni ya kitaifa. Barabara za kaunti vijijini ni za kaunti.

Mstari huu si mgumu kama unavyodhaniwa, na mara nyingine jambo linaloonekana kuwa la wakubwa wa Nairobi lina upande ambao kaunti inaweza kuushika. Majirani wa Makueni walifanya hivyo na mchanga. Mito ya kule, kama ilivyo katika sehemu kavu za Taita Taveta, ni ya msimu. Mchanga wa mtoni ndio unaohifadhi maji chini kwa chini, na wakati wa kiangazi watu hufukua humo kupata maji ya kunywa. Ujenzi ulipopamba moto mijini, malori yakawa yanasomba mchanga mchana na usiku. Maji yakazama, ugomvi ukazuka kati ya wachimbaji na wanavijiji, na watu wakapoteza maisha. Mwaka wa 2015 Bunge la Kaunti ya Makueni likapitisha Sheria ya Uhifadhi na Matumizi ya Mchanga, iliyounda mamlaka maalumu ya kusimamia rasilimali hiyo. Uhifadhi wa udongo na maji umo katika majukumu ya kaunti, na hapo ndipo palikuwa pa kushika. Hakuna aliyehitaji kungoja Nairobi.

Nani hupanga foleni?

Mswada unaweza kuletwa bungeni na mwakilishi wadi yeyote au na kamati ya bunge. Kwa kawaida miswada mingi huandaliwa na upande wa serikali kuu ya kaunti, yaani Gavana na mawaziri wake, kisha ikawasilishwa bungeni na kiongozi wa walio wengi. Mswada unaohusu ushuru au matumizi ya fedha una utaratibu wake wa ziada, ambapo maoni ya waziri wa fedha wa kaunti huzingatiwa kabla bunge halijaujadili. Kamati ya Shughuli za Bunge ndiyo inayoamua kipi kijadiliwe wiki hii na kipi kisubiri.

Kwa hiyo foleni hupangwa mahali pawili. Kwanza kwenye wizara, pale waziri anapoamua wanasheria wachache wa kaunti waandike mswada gani. Pili kwenye bunge, pale mswada ulio tayari unapopewa siku. Mkazi anayetaka kusogeza mswada mbele ni lazima ajue umekwama wapi kati ya hapo pawili. Kumlaumu Spika kwa mswada ambao haujatoka wizarani ni kumwonea, na kumlaumu waziri kwa mswada uliokalia meza ya kamati miezi minane ni vilevile.

Na muda si mwingi. Bunge la kaunti huchaguliwa kwa kipindi cha miaka mitano. Uchaguzi Mkuu ujao ni Agosti 2027, na mswada ambao haujakamilika kipindi kinapokwisha hufa pamoja na bunge lililouzaa. Wawakilishi wapya wakitaka kuufufua, huanza upya: kuchapishwa, kusomwa, kukusanya maoni. Ndiyo maana swali la mswada upi utangulie lina uzito kuliko linavyosikika. Kwa miswada mingi, kuwekwa nyuma maana yake ni kutopitishwa.

Mfano wa kufundishia: wauza ndizi na watoto wao

Chukulia kikundi cha wanawake wanaouza ndizi katika soko la Taveta. Huu ni mfano tu, lakini picha yake si ngeni kwa yeyote aliyewahi kwenda sokoni alfajiri. Watoto ambao hawajafika umri wa chekechea wanalala juu ya magunia chini ya meza, kati ya mikokoteni na pikipiki. Mama mwenye mtoto mgonjwa hufunga biashara saa nne asubuhi. Mwingine humwacha mtoto kwa jirani ambaye tayari anawaangalia wengine tisa katika chumba kimoja, na hakuna afisa aliyewahi kukikagua chumba hicho kwa sababu hakuna sheria inayosema kikaguliwe.

Vituo vya malezi ya watoto vimetajwa kwa jina katika Jedwali la Nne kama jukumu la kaunti. Nairobi ilipitisha sheria yake kuhusu vituo hivyo mwaka wa 2017. Kwa hiyo mlango upo wazi. Wanawake hawa waanzie wapi?

Waanze kwa kuuliza, kabla ya kuomba. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma itoe uamuzi ndani ya siku 21. Barua fupi kwa Karani wa Bunge inatosha: je, kaunti ina sheria yoyote kuhusu vituo vya malezi ya watoto? Je, kuna mswada kama huo bungeni, na umefika hatua gani? Na miswada mingine iliyo mbele ya bunge ni ipi? Barua ya pili, yenye maswali yayo hayo, iende kwa wizara inayohusika na elimu ya chekechea. Vikundi vingi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana kama kupoteza wakati. Kisha hufika mbele ya kamati wakidai sheria ambayo tayari ipo na haitekelezwi, na kikao kinaishia hapo.

Tuseme jibu linarudi hivi: sheria hakuna, wizara inakusudia kuandaa mswada, lakini upo wa kumi na moja kwenye orodha yake, nyuma ya mswada wa mabango ya matangazo barabarani na mingine. Sasa kikundi kina jambo la kushika. Hawaombi tena serikali "iangalie maslahi ya akina mama". Wanaomba wa kumi na moja awe wa pili.

Ombi la umma linavyoandikwa

Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka ya umma. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakwenda mbali zaidi: mtu anaweza kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, ikiwa ni pamoja na kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Kifungu cha 89 cha sheria hiyo kinazilazimisha mamlaka za kaunti kujibu maombi ya wananchi bila kuchelewa.

Sahihi ngapi zinahitajika? Moja. Wengi huamini kwamba ni lazima zikusanywe maelfu, pengine kwa sababu wamesikia habari ya robo ya wapiga kura waliosajiliwa. Kiwango hicho kinahusu kura ya maoni ya mahali chini ya Kifungu cha 90, ambalo ni jambo jingine kabisa. Hata hivyo, mwakilishi wadi ni mwanasiasa na macho anayo. Sahihi mia tatu kutoka soko moja humwambia kitu ambacho sahihi moja haiwezi.

Ombi linaweza kuandikwa kwa mkono au kwa mashine, kwa Kiswahili au Kiingereza. Lugha iwe ya heshima. Pasiwe na maneno yaliyokatwa na mengine kuandikwa juu yake. Kila karatasi ionyeshe ombi linahusu nini, ili ukurasa wa sahihi usije ukadaiwa kuwa wa jambo jingine. Kila anayetia sahihi aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho; asiyeweza kuandika aweke kidole gumba mbele ya shahidi. Mambo mawili husahauliwa sana, nayo ndiyo hufanya ombi lirudishwe: kueleza kama waombaji walijaribu kwanza kupata suluhisho kwa ofisi husika na wakajibiwa nini, na kueleza kama jambo hilo liko mahakamani. Bila shaka ile barua ya kwanza kwa wizara sasa imepata kazi ya pili.

Ombi la wauza ndizi lingeweza kusomeka hivi:

"Kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Sisi tuliotia sahihi hapa, wafanyabiashara na wakazi, tunaeleza kwamba watoto wadogo hukaa sokoni kutwa nzima bila mahali salama. Kwamba kwa siku nne za soko tuliwahesabu na idadi ya kila siku tumeiandika hapa chini. Kwamba vituo vya malezi ya watoto ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Kwamba tuliiandikia wizara na ikatujibu kuwa mswada unakusudiwa lakini hauna tarehe. Na kwamba jambo hili haliko mbele ya mahakama yoyote. Kwa hiyo tunaliomba Bunge, kwanza, liitake wizara ilete Mswada wa Vituo vya Malezi ya Watoto kabla ya mwisho wa kikao hiki. Pili, endapo hautaletwa, kamati husika iuandae na kuuwasilisha yenyewe. Tatu, kamati isikilize maoni yetu sokoni, siku ya soko, badala ya ukumbini mjini."

Sehemu ya mwisho, inayoanza na "tunaliomba Bunge", ndiyo moyo wa karatasi hiyo. Kamati haiwezi kutekeleza huzuni. Inaweza kutekeleza tarehe, mswada uliotajwa na hatua iliyotajwa. Ombi la pili ni la busara hasa, kwa sababu kamati ina uwezo wa kuleta mswada bila kungoja wizara, na si wananchi wengi wanaojua hilo. Wawakilishi wengine pia hulisahau.

Kuhusu ile hesabu ya siku nne: haikuhitaji mtaalamu, ila mtu mmoja mwenye daftari na uaminifu wa kuandika kumi na saba pale walipokuwa kumi na saba, hata kama arobaini ingependeza zaidi. Hesabu iliyoongezwa chumvi hugunduliwa siku kamati inapotembelea soko, na ikigunduliwa, na yaliyo kweli hayaaminiwi tena.

Kipi kisubiri?

Kuna swali ambalo mwanakamati mmoja atalileta, na kikundi kisipolitarajia kitaduwaa: "Mnataka mswada wenu utangulie. Haya, upi usubiri?"

Ni swali la haki. Bunge lina siku chache za kukaa kwa mwaka, na wanasheria wa kuandika miswada ni wachache. Mswada wa mabango ya matangazo, ambao katika mfano huu umetangulia, huenda ukaletea kaunti mapato. Mswada wa malezi utagharimu fedha: vyumba, maji, vyoo, wakaguzi. Mhasibu wa kaunti hatahitaji muda mrefu kujua anaupendelea upi. Kumjibu kwamba watoto ni muhimu kuliko mabango ni kweli, lakini hakumsaidii kupanga bajeti.

Jibu lenye nguvu zaidi linatoka katika biashara yenyewe. Mama anayefunga meza saa nne hauzi tena siku hiyo, na siku ambayo haji kabisa hakuna ushuru wa soko unaokusanywa kwake. Kikundi kinaweza kuhesabu siku za soko ambazo wanachama wake walikosa kwa ajili ya malezi ndani ya miezi mitatu na kuzizidisha kwa ushuru wa siku. Pengine fedha itakayopatikana itakuwa ndogo kuliko ya mabango. Hata hivyo, sasa mazungumzo yanahusu tarakimu mbili badala ya tarakimu moja dhidi ya kilio. Kikundi kinaweza pia kupendekeza nusu ya njia: mswada wa kwanza uweke viwango vya usalama na usajili wa vituo vilivyopo, jambo lenye gharama ndogo, na ujenzi wa vituo vipya ungoje bajeti ya mwaka unaofuata. Kamati hupenda nusu ya njia, kwa sababu inaweza kuitetea mbele ya wenzao.

Wapo wanaosema si kazi ya mwananchi kuchagua mswada wa kuahirishwa, kwamba hiyo ni kazi ya waliochaguliwa. Kisheria wana haki. Hakuna kanuni inayomtaka mwombaji ataje cha kusubiri. Lakini asiyetaja huacha uchaguzi huo kwa mtu mwingine, na aghalabu kinachoahirishwa ni cha kwake.

Kalenda ya fedha

Sheria ikipita bila fedha hubaki karatasi. Kwa hiyo ombi linalokwenda kwa Karani liwe na ndugu yake, yaani barua inayokwenda kwa idara ya mipango na bajeti.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele vyake huanza kuamuliwa mapema sana. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kila mwaka unapaswa kuwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, ukihusu mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Waraka wa mkakati wa fedha, unaogawa viwango vya fedha kwa kila idara, huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari, na sheria inataka maoni ya umma yazingatiwe katika kuuandaa. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na yanatakiwa kuwa yameidhinishwa kufikia tarehe 30 Juni.

Anayekuja na ombi jipya mwezi wa Mei amechelewa. Viwango vya idara vimeshakatwa, na ili apewe yeye ni lazima anyang'anywe mwingine. Mwezi wa Julai na Agosti, wakati ambapo watu wengi wamechoka na habari za bajeti na hawataki hata kuisikia, ndio wakati mzuri wa kuingiza jambo kwenye mpango wa mwaka unaokuja. Msimamizi wa wadi anapoitisha kikao miezi hiyo, ukumbi huwa na viti vitupu, na wanaohudhuria husikilizwa kwa muda mrefu.

Juu ya mipango hiyo ya mwaka kuna Mpango wa Maendeleo Jumuishi wa Kaunti, wa miaka mitano. Wa sasa ulianza 2023 na unaishia 2027. Kikundi kikikuta kwamba jambo lake limetajwa ndani ya mpango huo, kilitaje kwa ukurasa. Ni vigumu kwa wizara kukataa jambo ambalo yenyewe iliahidi kwa maandishi.

Baada ya ombi kupokelewa

Karani hulikagua ombi kama limetimiza masharti, kisha linafikishwa bungeni na kukabidhiwa kamati inayohusika. Kanuni za bunge zinaweka muda wa kamati kutoa ripoti; mwombaji amuulize Karani tarehe hiyo siku anapowasilisha karatasi, na aiandike. Kamati inaweza kuwaita waombaji watoe maelezo. Wapeleke watu wawili au watatu wanaolijua jambo, si basi zima. Kifungu cha 196 cha Katiba kinasema vikao vya bunge la kaunti na vya kamati zake hufanywa hadharani, na umma hauwezi kuzuiwa isipokuwa Spika aone kuna sababu za kipekee. Waliobaki wanaweza kukaa na kusikiliza.

Kamati inaweza kukataa. Ombi la umma si amri, na anayeambiwa vinginevyo anadanganywa. Kinachodaiwa kisheria ni ombi kupokelewa, kuchunguzwa na kujibiwa. Sababu za kukataliwa zikiwekwa kwenye maandishi zina faida yake, kwa sababu ombi la pili linaweza kuzijibu moja moja.

Ikikubali, mswada huchapishwa katika gazeti rasmi, husomwa kwa mara ya kwanza, hupelekwa kwa kamati ambayo hukusanya maoni ya umma, kisha husomwa mara ya pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu na kamati ya bunge zima, na husomwa mara ya tatu. Ukipita, Spika ana siku 14 za kuupeleka kwa Gavana, naye Gavana ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha na maelezo. Akinyamaza hadi muda ukaisha, unahesabiwa kuwa umekubaliwa. Sheria huchapishwa ndani ya siku saba baada ya kuidhinishwa, na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe iseme tofauti.

Hatua ya kukusanya maoni ina meno kuliko baadhi ya maafisa wanavyofikiri. Aprili 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, katika kesi iliyofunguliwa na Robert Gakuru na wenzake, kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Mahakama ilitaka kaunti iwafikie watu kwa njia nyingi, zikiwemo makanisa, misikiti, mabaraza na redio, wala isitosheke na tangazo. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi huo. Wakati huohuo, mahakama zimesema mara kwa mara kwamba kushirikishwa si kukubaliwa kwa kila maoni. Bunge linatakiwa kusikiliza kwa dhati, halilazimiki kufuata.

Zoezi la kikundi

Chama, kikundi cha soko, jumuiya ya wakulima au kamati ya kijiji inayosoma somo hili pamoja inaweza kulifanyia kazi kwa jambo lake yenyewe. Litajwe jambo moja tu. Ukurasa wa majukumu 14 ufunguliwe na ionekane liko chini ya lipi. Kama haliko, kikundi kiamue kama kinakwenda Seneti au kinachagua jambo jingine. Iandikwe barua ya maswali kwa Karani, na siku 21 zihesabiwe kwenye kalenda ya ukutani. Majibu yakija, kikundi kijaribu kuandika lile fungu la "tunaliomba Bunge" kwa sentensi tatu zisizozidi. Kisha mwanachama mmoja ajifanye mwanakamati na kuuliza kipi kisubiri, na wengine wajaribu kumjibu bila kupandisha sauti.

Karatasi hupelekwa ofisi ya Karani wa Bunge la Kaunti, Wundanyi, kwa mkono au kupitia mwakilishi wadi. Nakala ya pili, iliyopigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ibaki na kikundi.